Samaki Waliovurugika Wakati wa Mvua

Aliyepata kusoma Alfu Lela Ulela, ama aliyesimuliwa na bibi yake usiku wa kiza, ayajua mapango yafunguliwayo kwa neno na majini wafungwao ndani ya chupa. Lakini pengine hajasikia habari za Edward Powys Mathers, Mwingereza aliyeitwaa hadithi hiyo ndefu kutoka katika Kifaransa cha tabibu Mardrus na kuitia katika Kiingereza mwaka 1923, kisha, kana kwamba mapango ya wenzake hayakumtosha, akaanza kuchimba yake mwenyewe. Mwaka 1926 alianza kulitungia The Observer, gazeti la Jumapili la London, fumbo la maneno la namna ambayo wasomaji hawakuizoea, na chini yake akatia jina la kutisha: Torquemada. Pango lake lilikuwa jedwali la visanduku vyeupe na vyeusi, na neno la kulifungulia halikuwa jepesi kama lile la ufuta alilolisikia Ali Baba akiwa juu ya mti.

Sisi nasi tunazo chemshabongo katika magazeti yetu, na aghalabu ni za namna ya wazi: mtunzi auliza mji mkuu wa Uganda kwa herufi 7, nawe ukiujua waandika Kampala, usipoujua waacha visanduku vitupu na kwenda zako kusoma habari za mpira. Huo ni mtihani wa maarifa, nao una faida yake, lakini si fumbo. Fumbo ninalolisema hapa, lile ambalo The Times, The Guardian, The Daily Telegraph na Financial Times hulichapisha siku baada ya siku, na ambalo Waingereza wengi hulifungua pamoja na chai ya asubuhi au ndani ya gari moshi la kwendea kazini, halimuulizi mtu anajua nini. Lampima kama aweza kuisoma sentensi moja mara mbili na kuiona kuwa ni sentensi mbili.

Kuyaeleza haya kwa mifano ya Kiingereza kitupu kungekuwa kumchosha msomaji, maana fumbo la maneno halikubali kuhamishwa na udongo wake. Kwa hiyo nimethubutu kutunga vidokezo vichache kwa Kiswahili, nami naomba radhi mapema kwa vile vitakavyokuwa na chongo. Cha kwanza ni hiki, na namba iliyo katika mabano ni idadi ya herufi za neno litafutwalo:

Samaki wamevurugika wakati wa mvua (6)

Mvuvi akiisoma sentensi hiyo ataona bahari iliyochafuka, maji ya mito yakimwagika pwani na nyavu zikirudi tupu, wala hatakuwa amekosea, kwa sababu ndivyo mtunzi alivyotaka aone. Lakini mfumbuzi huyapuuza maji na nyavu. Yeye aona kwamba neno samaki lina herufi 6. Aona mbele yake neno wamevurugika. Ajiuliza kama waliovurugika si samaki wa baharini bali ni samaki wa karatasini, yaani S, A, M, A, K na I. Na akizikoroga herufi hizo aziona zatulia na kuwa masika. Nayo masika ni nini, kama si wakati wa mvua?

Wanazuoni wetu hupambanua dhahiri ya maneno na batini yake, na sijui jozi ya maneno iwezayo kulieleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Dhahiri ya kidokezo ni picha ionekanayo na kila mtu: samaki, mvua, taabu ya wavuvi. Batini ni amri kavu ya fundi kwa fundi mwenziwe: chukua herufi hizi, zivuruge, utapata neno lenye maana hii. Wala desturi ya kusema maneno yenye tumbo si ngeni kwa Waswahili. Fumo Liyongo alipokuwa kifungoni alimwimbia kijakazi Saada mbele ya walinzi, nao wakasikia habari za mkate wa wishwa tu, mkate usiotamaniwa na mtu, ilhali mama yake aliyepelekewa maneno hayo alisikia habari za tupa ya kukatia minyororo iliyotakiwa kufichwa ndani ya mkate huo. Walinzi walipewa dhahiri, mama akapewa batini. Tofauti ni kwamba Liyongo hakutaka walinzi wafahamu kamwe, na mtunzi wa gazeti ataka kila mlinzi afahamu, mradi asifahamu upesi.

Kila kidokezo cha halali kina njia mbili ziendazo nyumba moja. Njia ya kwanza ni maana ya neno lenyewe, na hiyo hukaa ama mwanzoni mwa sentensi ama mwishoni mwake, katikati haikai. Ya pili ni hila, yaani maelezo ya jinsi neno lilivyoundwa herufi kwa herufi. Ugumu wote ni kujua njia moja yaishia wapi na nyingine yaanzia wapi, kwa sababu mtunzi amezishona kwa uzi usioonekana. Lakini kheri yake ni hii, kwamba aliyefika kwa njia moja aweza kurudi kwa njia ya pili na kuhakikisha kuwa hakuingia nyumba ya jirani. Katika chemshabongo ya kawaida mtu huandika neno kwa kubahatisha akalala na shaka hadi toleo la kesho. Katika fumbo la namna hii neno likipatikana hujishuhudia lenyewe, na mfumbuzi husikia moyoni kitu kama mlio wa kufuli lililokubali ufunguo.

Hila zenyewe si nyingi kama mtu atakavyodhani. Ya kuvuruga herufi tumekwisha kuiona. Iko ya kuficha neno katikati ya maneno mengine:

Mla panya yumo ndani: tupa kamba! (4)

Hapo dhahiri yake ni kisima, na mnyama aliyetumbukia, na jirani mwenye huruma apigaye kelele. Lakini ukiyasoma maneno tupa kamba bila kuijali nafasi iliyoyatenga, utamwona PAKA amekaa kitako, mkia wake katika neno moja na kichwa chake katika jingine. (Tupa ya Liyongo ilikuwa ya chuma, hii yangu ni ya mkono, neno lenye sura mbili ndiyo mali ya mtunzi.) Iko hila ya kugeuza nyuma mbele, kama katika Ali akigeuka huonekana dosari (3), kwa kuwa ALI akisomwa kuanzia mwisho ni ila, na ila ndiyo dosari; waliokua wakisema kinyume utotoni, wakimwita mbuzi zimbu ili wakubwa wasielewe, hawatahitaji kuelezwa zaidi. Iko ya kuunganisha vipande, Bara, tena bara, ndiyo njia kuu (8), ambayo jawabu lake ni barabara. Iko ya maana mbili zilizosimama pasipo hila nyingine yoyote, Ndovu wa mgema (5), nayo ni tembo, yule mwenye mkonga na yule atokaye mnazini. Na iko ya kumezesha neno tumboni mwa neno jingine:

Taa imemeza nusu ya mama kwa uchu (5)

Nusu ya mama ni MA. Ikiingia ndani ya TAA yafanya TAMAA, na tamaa ndiyo uchu. Asiyekumbuka kwamba taa ni samaki pia, yule mpana mwenye mkia wa mwiba, atadhani nimepungukiwa na akili. Akikumbuka, atakubali kwamba sentensi ina picha, ijapokuwa ni picha mbaya.

Vipo tena vidokezo vinavyolitesa neno moja tu kwa kulisoma kisarufi kinyume cha mazoea. Katika Kiingereza neno flower ni ua la bustanini, na hakuna Mwingereza aliyelitilia shaka. Lakini mtunzi hulitazama na kusema kwamba kama aimbaye ni mwimbaji, basi kitiririkacho chaweza kuitwa kwa neno hilo hilo, na kwa hiyo ua laweza kuwa mto, nao mito ya Kiingereza, hasa ile ya herufi 3 kama Dee na Exe, humfaa sana mtunzi. Kadhalika neno banker, lenye maana ya mwenye benki, hugeuka kuwa mto kwa sababu mto una kingo, na kingo huitwa kwa jina lile lile la benki. Mwanagenzi akikutana na hila hizi mara ya kwanza hukasirika. Mara ya pili hucheka. Mara ya tatu huziona kwa mbali kama mtu amwonavyo mdai wake njiani. Nasi tunayo ya kulinganisha: Apakaye hufika ukomo wa nchi (5), kwa kuwa mpaka ni mwisho wa nchi, na mpaka rangi ni mtu mwenye brashi.

Hila moja, hata hivyo, Waingereza wanayo kwa wingi nasi hatunayo ila chembe, nayo ni ile ya sauti. Lugha yao huandikwa hivi na kutamkwa vile, kiasi kwamba maneno mawili yasiyofanana hata kidogo katika maandishi huweza kusikika kuwa mamoja masikioni. Kidokezo kimoja mashuhuri hakina neno hata moja, ni herufi tupu: HIJKLMNO (5). Mfumbuzi aona kwamba herufi hizo zaanzia H na kufika O. Neno la Kiingereza la kusema kufika kitu hutamkwa sawasawa na namba 2 ya lugha hiyo. Basi H kufika O yasikika kama H mbili O, ambayo ni maji katika maandishi ya wanakemia. Jawabu ni neno la Kiingereza la maji, lenye herufi 5. Kingine, ingawa si cha sauti, kimeandikwa Gegs (9, 4), yaani jawabu ni maneno mawili, la herufi 9 na la herufi 4. Na aliyepata kula mayai katika hoteli ya Kizungu atakumbuka kwamba yale ya kuvurugwa yana jina lake, scrambled eggs, kisha ataona kwamba hiyo Gegs si kitu ila neno la mayai lililokwisha kuvurugwa. Hapo fumbo limepinduliwa: jawabu ndilo hila, na kidokezo ndicho kitoweo. Sisi tuandikao kama tusemavyo hatuna mwanya kama huo wa sauti, isipokuwa mtunzi akubali kumcheka mtu asemaye zahabu badala ya dhahabu, jambo ambalo si la adabu.

Asili ya jedwali lenyewe si Uingereza. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi na maswali ya wazi. Kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo kilipotoka New York mwaka 1924, kikiwa kimefungiwa penseli, Wamarekani waliyashika kama homa, na The Times ya London, gazeti lililojiona kuwa mlezi wa akili za watu wazima, likaandika mwaka huo huo kwa masikitiko kwamba Marekani imetiwa utumwani. Miaka 6 haijatimia, tarehe 1 Februari 1930, gazeti hilo hilo lilianza kuchapisha fumbo lake kila siku, kwa sababu wasomaji walikuwa wakilikimbilia The Daily Telegraph, lililokuwa nalo tangu 1925. Kazi ya kutunga alipewa Adrian Bell, kijana mwandishi aliyekuwa akilima shamba Suffolk na ambaye hakuwa amepata kutunga hata moja. Alipewa siku 10 za kujitayarisha, akaendelea kwa makumi ya miaka. Sikusudii kulicheka The Times. Wengi wetu tumekwisha kulaani jambo kabla ya kulionja.

Mtu aliyetazama dhahiri na batini tu angeweza kudhani kwamba mtunzi ana ruhusa ya kufanya atakavyo, na kwa kweli katika siku za mwanzo ilikuwa karibu na hivyo. Torquemada alikuwa na elimu pana mno na huruma haba; vidokezo vyake vingine vilikuwa kama kitendawili ambacho mtegaji hataki kupewa mji. Waliokuja baada yake ndio waliotia sheria. Mmoja alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule katika mji wa Wells, Alistair Ferguson Ritchie, aliyejiita Afrit kwa kuunganisha herufi za majina yake, naye hakika alijua kwamba ameokota jina la ifriti wa Kiarabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 ifriti huyo aliweka kanuni ambayo mpaka leo watunzi huitaja kama mahakimu watajavyo katiba: kwamba mtunzi halazimiki kukusudia kile alichokisema, lakini alazimika kukisema kile alichokikusudia. Msomaji atulie hapo kidogo. Nikisema samaki, si lazima niwe nakusudia samaki. Lakini kama nakusudia zivurugwe herufi, hapana budi neno la kuvuruga liwepo, kwa sarufi sahihi, mahali pake.

Mwingine ni Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kiyunani, aliyeshika nafasi ya Torquemada katika The Observer baada ya kifo chake mwaka 1939 akijiita Ximenes, na mwaka 1966 akaandika kitabu kizima juu ya fani hiyo. Yeye alidai insafu. Maana iwe sahihi, hila iwe ya haki, na baada ya hayo mawili pasibaki neno moja la ziada lililotiwa kwa kupamba tu. Ukiipima kwa mizani hiyo sentensi yangu ya taa na mama, Ximenes angeuliza lile neno kwa lafanya kazi gani, nami ningejitetea kwa shida. Alipofariki mwaka 1971 nafasi ikaenda kwa Jonathan Crowther, aliyejiita Azed. Torquemada, Ximenes, na Deza, ambalo ndilo Azed likigeuzwa nyuma mbele, yote ni majina ya wakuu wa ile mahakama ya dini ya Hispania, iliyowasaka na kuwatesa watu waliotuhumiwa kuwa ni Wakristo kwa dhahiri na Wayahudi au Waislamu kwa batini. Watunzi waliyachagua kwa mzaha wa kutesa wasomaji. Mimi huyaona yamefaa kuliko walivyokusudia, na mzaha wenyewe huniachia uchungu kidogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasiocheza mchezo huu hawalitambui, nalo kwangu ndilo kiini chake. Kulijaza jedwali ni nusu ya kazi. Mara nyingi mfumbuzi hupata neno kwa kuonewa huruma na maneno mengine yanayolikata, akaliandika, akajua ni hilo, lakini hajui kwa nini. Na gazeti la kesho litamwonyesha jedwali lililojaa, pasipo neno moja la maelezo. Mtu wa namna hiyo hana raha. Atakwenda na kidokezo hicho mfukoni mchana kutwa, atamwonyesha mwenzake ofisini, atampigia simu shangazi yake aishiye mbali, mpaka apatikane wa kukitolea sherehe. Natumia sherehe kwa maana yake ya zamani, ya maelezo ayaandikayo mwanachuoni pembeni mwa matini ngumu, na kwa bahati njema ya lugha yetu neno hilo lina maana ya furaha pia. Ximenes alilifahamu hilo. Aliwaalika wasomaji kumtungia vidokezo kwa neno alilolichagua, kisha akawapelekea washindani karatasi iliyochapishwa, yenye vidokezo bora na hukumu yake juu yavyo, kwa nini hiki kimefaulu na kile kimepotoka, na Azed akaishika desturi hiyo. Sijui mchezo mwingine wa gazeti ambao mwenye kudanganya hukaa kitako na waliodanganywa akawaonyesha kila mshono wa udanganyifu wake.

Aliyezoea kutoa sherehe hana uchawi wowote. Ana mazoea ya kutilia shaka. Huitazama sentensi mwanzo na mwisho, akauliza ni upande upi wenye maana. Hutafuta maneno yenye harufu ya fujo, kama kulewa, kuvunjika, kutengenezwa upya, kwa kuwa hayo hutangaza herufi za kuvurugwa. Maneno ya kurudi na kupanda hutangaza kugeuza. Maneno ya kushika, kumeza na kukumbatia hutangaza tumbo. Nukta na mikato huzidharau, maana hizo ni za dhahiri. Tena huijua istilahi ya kikundi: baharia wa Kiingereza aweza kuwa AB, na mfanyakazi aweza kuwa mdudu chungu au nyuki, ambao kwa lugha yao wana herufi 3 kila mmoja.

Serikali nayo iliwahi kuwataka watu wenye ada hiyo ya kutilia shaka. Mnamo Januari 1942, kutokana na mabishano yaliyozuka kwamba fumbo la The Daily Telegraph ni jepesi mno, gazeti liliwakaribisha wasomaji kulijaza ofisini mwake chini ya dakika 12; watano walifaulu, mmoja wao akakataliwa kwa kosa la hijai, na baadaye baadhi ya washiriki wakapokea barua kutoka wizara ya vita, iliyokuwa ikikusanya watu wa kufumbua mawasiliano ya Wajerumani huko Bletchley Park. Miaka 2 baadaye mambo yakageuka. Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule na mtunzi wa gazeti hilo hilo, alihojiwa na wapelelezi kwa sababu mafumbo yake ya Mei 1944 na siku ya kwanza ya Juni yalikuwa na majawabu Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote yakiwa majina ya siri ya shambulio la Normandy lililofanyika tarehe 6 Juni. Hakuonekana na hatia. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kwamba mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wavulana majedwali matupu wayajaze maneno, ndipo yeye atunge vidokezo, na kwamba wavulana waliyaokota majina hayo kwa askari waliopiga kambi jirani.

Lakini mtu niliyemtaka hasa msomaji amjue ni John Graham. Alikuwa kasisi wa kanisa la Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1921, akaanza kulitungia The Guardian mwaka 1958. Na ndoa yake ilipovunjika akapoteza kazi ya ukasisi, akaishi kwa kutunga mafumbo. Alijiita Araucaria, ambalo ni jina la mti wa Chile wenye majani makali kama miiba, ambao Waingereza huuita fumbo la tumbili, kwa kuwa tumbili angeshangaa namna ya kuupanda. Sheria za Ximenes hakuzisujudia. Alizikiuka kwa tabasamu, na wafumbuzi wakamsamehe kwa yale aliyoyapata kwa kuzikiuka. Aliwahi kuutwaa mwanzo wa wimbo maarufu wa Krismasi wa Kiingereza, ule wa wachungaji waliokesha na kondoo wao, wenye herufi 59, akazipanga upya herufi zote pasipo kubakiza hata moja, zikawa sentensi nyingine kamili ihusuyo malaika na kushuka kwa mtoto kulikouinua ulimwengu. Katika herufi zile zile mlikuwa na usiku ule ule.

Mwezi wa Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, fumbo lake katika The Guardian lilikuwa na utangulizi mfupi, usemao kwamba Araucaria ana namba 18 ya namba 19, nayo yatibiwa kwa namba 13 na 15. Wasomaji wakakaa na penseli zao kama asubuhi nyingine yoyote. Neno la namba 18 lilipotoka lilikuwa saratani, la 19 umio, na namba 13 na 15 zilipokutana zikawa tiba ya kutuliza maumivu pasipo tumaini la kuponya. Katika visanduku vingine mlikuwa na muuguzi, na machweo. Hakuwaambia wasomaji wake habari hiyo waziwazi. Alimwachia kila mmoja aipate mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa mkono wake, na kuihakikisha kwa njia mbili. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Nimelifikiria fumbo hilo mara nyingi, na kila mara nauliza kama ilikuwa ni upole au ukatili kuwafanya watu waandike wao wenyewe habari ya kifo cha rafiki yao. Naelekea kwenye upole, kwa kuwa mtu aliyefumbua huwa amekwisha kukaa na jambo kwa saa nzima kabla ya kuambiwa.

Nami nimejaribu kutandika jedwali dogo la Kiswahili, nikaona matatizo ambayo Ximenes hakuyawazia. Maneno yetu mengi hupokezana konsonanti na irabu, kama samaki, ambalo lina konsonanti katika nafasi za witiri na irabu katika nafasi za shufwa. Basi maneno yakikatana kwenye witiri mfumbuzi hupewa mifupa yote bure, na yakikatana kwenye shufwa hupewa irabu tu, ambazo ni 5 katika lugha nzima na hazimwambii kitu. Ipo kesi ya CH pia, kama ikae kisanduku kimoja au viwili. Rai yangu ni kimoja, kwa kuwa C haina kazi nyingine katika Kiswahili ila kumtangulia H. Ipo kesi nzito zaidi ya vitenzi, ambavyo vyaweza kubeba sentensi nzima mgongoni, na mtunzi asiye na insafu angeweza kujaza jedwali lote kwa hawatatupikia na ndugu zake. Jedwali langu halijajaa bado. Pembe ya chini, upande wa kulia, imenishinda tangu mwezi uliopita. Lakini vidokezo vya juu vimetimia, na kimoja nakiacha hapa bila ya sherehe:

Harusi iliyovunjika imeleta nasaha (6)